Mtoto wa Oktoba na Mtoto wa Julai

  Mama uliye jikoni, sufuria iko motoni na sikio liko huku, mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine.

Leo tunauliza swali moja tu. Mtoto aanze shule akiwa na umri gani? Kila nyumba ina jibu lake. Bibi atasema mwacheni kwanza acheze, shule haikimbii. Baba atasema mtoto wa jirani ameshaanza, wa kwetu anangoja nini? Na mtoto mwenyewe, ambaye ndiye anayehusika, haulizwi.

Nataka tulitazame swali hilo kwa kwenda mbali kidogo, hadi Uingereza ya katikati ya karne ya 20. Ni miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili: chakula bado ni cha mgawo, nyumba nyingi zimebomolewa na mabomu, na watoto wanazaliwa kwa wingi. Nikisema Uingereza leo nakusudia England hasa, kwa sababu Scotland ina sheria zake za elimu. Kwa nini twende huko? Kwa sababu ilikuwa miongoni mwa nchi chache za Ulaya zilizomlazimisha mtoto kuingia shule akiwa na miaka 5. Nchi nyingi za jirani zilimngoja afike 6. Sweden ilimngoja afike 7. Sasa jiulize: Waingereza walijua nini kuhusu mtoto wa miaka 5 ambacho Waswidi hawakukijua?

Hawakujua chochote cha ziada, msikilizaji. Umri ule wa miaka 5 haukutokana na kumchunguza mtoto. Ulitokana na mtaa na kiwanda. Lishike hilo, tutalihitaji huko mbele.

Tuanze na mwaka 1870. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya elimu iliyosimamiwa na William Forster. Sheria hiyo iliziruhusu bodi za shule kutunga kanuni za kuwalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 13 kwenda shule. Miaka 10 baadaye, yaani 1880, ikawa ni lazima nchi nzima: mtoto aanze akiwa na miaka 5, asitoke kabla ya kufika 10. Walikuwapo waliotaka mwanzo uwe miaka 6. Hawakushinda, na mjadala wenyewe haukuwa mrefu.

Hoja zilizoshinda zilikuwa zipi? Ya kwanza ilikuwa mtaa. Miji ya viwanda ilikuwa imejaa watu, familia nzima ikilala chumba kimoja, mama yuko kazini tangu alfajiri, na mtoto mdogo anazagaa barabarani kati ya farasi na mikokoteni. Wenye hoja hii walisema ni afadhali akae darasani, kuna paa na kuna mtu wa kumwangalia. Hoja hii ilikuwa na huruma ndani yake, sikatai.

Ya pili ilikuwa kiwanda. Viwanda vya pamba vya Lancashire vilitumia mikono ya watoto, na wazazi wengi maskini waliitegemea senti ile ya mtoto. Ukimwanzisha shule mapema, utaweza kumtoa mapema. Akianza akiwa na 5, hata akitoka na 10 atakuwa amepata miaka kadhaa ya kusoma na kuhesabu kabla mwenye kiwanda hajamchukua. Na kuna waliochukuliwa nusunusu: nusu ya siku mashineni, nusu ya siku darasani, huku wakisinzia juu ya dawati. Utaratibu huo wa nusu siku ulikuja kukomeshwa na sheria ya mwaka 1918.

Umeona hapo? Miaka 5 haikupangwa kwa kutazama mtoto anapoanza. Ilipangwa kwa kutazama anapoondoka. Walihesabu kutokea mlango wa kutokea, wakarudi nyuma mpaka mlango wa kuingilia.

Baadaye mlango wa kutokea ukasogezwa. Ile sheria ya 1918 iliusogeza hadi miaka 14. Mwaka 1947 ukafika 15, na mwaka 1972 ukafika 16. Mtoto hakuwa tena anakimbizana na kiwanda. Ungetarajia basi mtu asimame aulize: je, tuendelee kumwingiza akiwa na 5? Sababu ilikuwa imekufa, lakini tarakimu ilibaki.

Sasa turudi nyuma hadi 1944. Vita havijaisha. Waziri wa Elimu ni R. A. Butler, na sheria yake inapita Bungeni mwezi Agosti. Ni sheria kubwa kwelikweli, na heshima yake naitambua. Ilifuta ada katika shule za sekondari za serikali. Iliondoa ule utaratibu mbaya wa kumfukuza kazi mwalimu wa kike kwa kosa la kuolewa. Ilizitaka halmashauri ziwafikirie hata watoto wa chini ya miaka 5 na kuwatafutia nafasi za chekechea. Ilimwambia kila mzazi: ni wajibu wako mwanao apate elimu inayomfaa, ama kwa kumpeleka shule ama kwa njia nyingine. Nusu ya nchi ilijengwa upya kwa karatasi ile. Lakini umri wa kuanza ulibaki ni ule ule wa 1870. Miaka 5.

Basi tumfuate mtoto mmoja siku yake ya kwanza. Huyu si mtoto wa kweli, nampa jina ili tuelewane: tumwite Peter. Amezaliwa Oktoba 1950. Oktoba 1955 ametimiza miaka 5, lakini haanzi siku ileile, kwa sababu kanuni iliyotumika ilikuwa mtoto aanze mwanzoni mwa muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5. Kwa hiyo Peter anaanza Januari 1956. Mwaka wa shule kule huanza Septemba na una mihula mitatu: wa Septemba, wa Januari, na wa baada ya Pasaka. Ishike hiyo mihula mitatu, msikilizaji, kwa sababu siri yote iko humo.

Ni asubuhi ya Januari, kiza bado, baridi kali. Jengo la shule ni la enzi za bibi yake, la matofali, na madirisha yako juu sana ili watoto wasichungulie nje. Choo kiko uani, ng'ambo ya uwanja, na siku za barafu maji huganda kwenye mabomba. Mama anamfikisha mlangoni. Katika shule nyingi za wakati ule mlango ndio ulikuwa mpaka wa mzazi: anayeingia ni mtoto, mama anarudi nyumbani.

Ndani ukumbini kuna safu ya kulabu za kutundikia makoti, na juu ya kila kulabu kuna picha ndogo. Bata. Boti. Mwavuli. Mtoto hajui kusoma jina lake, kwa hiyo anaambiwa: wewe ni wa mwavuli. Basi siku nzima, katika nyumba ile kubwa ya wageni, kitu pekee ambacho ni chake kwa hakika ni ule mwavuli.

Saa nne inakuja maziwa. Tangu 1946 kila mwanafunzi alipata chupa ndogo ya maziwa ya bure, theluthi ya painti, kitu kama kikombe cha chai. Wakati wa baridi maziwa yaliganda, na mwalimu aliyasogeza karibu na jiko yayeyuke, yakawa vuguvugu. Wako wazee wa Kiingereza leo ukiwatajia maziwa yale wanakunja uso. Lakini yaliingia matumboni, na kwa watoto wa mitaa maskini ilikuwa ni neema. Chakula cha mchana nacho kilikuwapo.

Darasa lenyewe lina watoto wangapi? Kanuni ilisema wasizidi 40. Arobaini, mama yangu! Watoto 40 wa miaka 5 na 6 kwa mwalimu mmoja. Na mara nyingi walizidi. Kwa nini? Kwa sababu wanaume walikuwa wamerudi kutoka vitani, ndoa zikafungwa, na mwaka 1947 walizaliwa watoto wengi mno. Watoto hao walifika kwenye malango ya shule mwaka 1952, wote kwa pamoja, na walimu walikuwa hawatoshi, na shule zilizopigwa mabomu zilikuwa hazijajengwa zote.

Zilikuwapo shule nzuri, na nyingi zilikuwa zinabadilika. Susan Isaacs, aliyeongoza shule ndogo ya majaribio mjini Cambridge miaka ya 1920, alikuwa amewafundisha walimu kumtazama mtoto anavyocheza kabla ya kumfundisha. Margaret McMillan alikuwa amefungua shule yake ya chekechea huko Deptford, London, mwaka 1914, watoto wakicheza na kulala kwenye hewa safi ya bustani. Kwa hiyo miaka ya 1950 ungeweza kuingia darasa la watoto wadogo ukakuta beseni la mchanga, maji ya kuchezea, rangi, na kona iliyotengenezwa kama nyumba. Na ungeweza kuingia shule ya mtaa wa pili ukakuta madawati yamepangwa mistari, na watoto 43 wananakili herufi a. Miaka 5 ya huku na miaka 5 ya kule haikuwa miaka 5 ile ile.

Sasa nimlete mtoto wa pili. Tumwite Susan. Huyu amezaliwa Julai 1951. Yeye na Peter ni wa mwaka mmoja wa shule, watapanda pamoja mpaka mwisho. Susan anatimiza miaka 5 Julai 1956, kwa hiyo anaanza Septemba 1956.

Tufanye hesabu pamoja, hata wewe uliye barabarani unaweza kuifanya kwa vidole. Shule ya watoto wadogo ilikuwa inaishia mtoto akiwa na miaka 7, na wote wawili watahama Septemba 1958 kwenda shule ya wakubwa kidogo. Peter alianza Januari 1956: ana muhula wa Januari, muhula wa baada ya Pasaka, kisha miaka miwili kamili. Jumla mihula 8. Susan alianza Septemba 1956: ana miaka miwili tu. Jumla mihula 6. Na yule aliyezaliwa Februari, katikati yao, akapata mihula 7.

Je, umeona hapo? Susan ni mdogo kwa Peter kwa miezi 9. Yeye ndiye aliyehitaji muda zaidi. Na yeye ndiye aliyepewa muda mfupi zaidi. Narudia, kwa sababu jambo hili watu walikaa nalo miaka mingi bila kuliona: mtoto mdogo kuliko wote darasani ndiye aliyesoma mihula michache kuliko wote. Hakuna mtu aliyekusudia. Hakuna waziri aliyeamka asubuhi akasema tuwadhulumu watoto wa Julai. Kanuni ilikuwa inaonekana ya haki kabisa, kila mtu aingie akitimiza miaka 5. Tena Susan alipofika Septemba aliwakuta wenzake wameshajua kulabu, wameshamjua mwalimu, wameshaanza kusoma. Yeye alikuwa mgeni na mdogo kwa wakati mmoja.

Ingekuwa imeishia hapo, tungesema ni mihula miwili tu, atawakuta mbele. Lakini haikuishia hapo. Septemba 1958 Peter na Susan wanafika shule ya wakubwa kidogo, na shule nyingi kubwa za wakati ule ziligawa watoto kwa mikondo: A, B, na C. A ni ya wanaoonekana wana akili, C ni ya wanaoonekana hawana. Mtoto ana miaka 7! Mwalimu anatazama nani anasoma vizuri na nani bado anasitasita. Peter ana mihula 8 nyuma yake na karibu miaka 8 ya umri. Susan ana mihula 6 na ndiyo kwanza ametimiza miaka 7. Wewe ungekuwa mwalimu, ungemweka nani kwenye A?

Mtafiti mmoja, Brian Jackson, alichunguza shule za msingi kwa mamia, na mwaka 1964 akatoa kitabu juu ya mikondo hiyo. Alikuta mkondo wa A umeelemea kwa watoto waliozaliwa miezi ya vuli na mwanzo wa baridi, na wale waliozaliwa kiangazi wamejaa huku chini. Alikuta pia kwamba watoto wa vibarua na wafanyakazi wa mikono walijaa mkondo wa C. Sasa fikiria mtoto wa kibarua ambaye pia amezaliwa Julai.

Na ukishawekwa C, kutoka ni kazi. Mkondo wa C unafundishwa mambo ya C. Miaka minne baadaye kuna mtihani, ule wa miaka 11, unaoamua nani aende kwenye sekondari za kuchaguliwa, zinazoelekea chuo kikuu, na nani aende kwenye sekondari za kawaida, wengi wao watoke na miaka 15 kwenda kazini. Halmashauri ziliona kwamba watoto hawalingani umri, na kwenye alama za mtihani ule ziliweka hesabu ya kufidia miezi. Lakini walifidia miezi ya kuzaliwa. Mihula ya darasani ambayo Susan hakuipata haikufidiwa na mtu, wala miaka minne ya kukaa mkondo wa C.

Hili ndilo linalonisumbua, ndugu zangu. Tunabishana juu ya umri, tano au sita au saba, kana kwamba tarakimu yenyewe ndiyo inayomfundisha mtoto. Wale wa Uingereza walikuwa na tarakimu moja, safi, imeandikwa kwenye sheria, na bado watoto wawili wa mtaa mmoja walipata vitu viwili tofauti.

Wakati huohuo huku kwetu, Tanganyika na Kenya, chini ya Mwingereza yuleyule, wazee wengi wanaonisikiliza wanakumbuka walivyopimwa. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alisema: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, gusa sikio la kushoto. Ukiligusa, umekua, ingia. Usipoligusa, rudi nyumbani, tukuone mwakani. Kipimo kile kilikuwa na kasoro nyingi, mfupi alirudishwa hata kama ana akili za kutosha na umri umepita. Lakini angalau mtoto mwenyewe alisimama mbele ya mwalimu akatazamwa. Kule kwa akina Peter na Susan kilichotazamwa ni kalenda.

Sasa tugeukie wadogo zaidi, wa miaka 3 na 4, kwa sababu huwezi kuzungumzia mlango bila kuzungumzia wanaosubiri nje.

Mwanzoni mwa karne ya 20 watoto wengi wa miaka 3 na 4 walikuwa tayari wamo shuleni, wamebanwa kwenye mabenchi ya ngazi, wakiimbishwa herufi kwa kiitikio. Wakaguzi wanawake walitumwa wawatazame, na mwaka 1905 waliandika ripoti ya kusikitisha: hapa si mahali pa watoto wadogo hivi. Halmashauri zikaruhusiwa kuwakataa walio chini ya miaka 5. Ripoti ile ilitaka watoto wapate mahali bora. Kilichofuata ni kwamba walitolewa, na pale bora hapakujengwa kwa wengi wao.

Kisha vita vikaja. Wanaume wako vitani, viwanda vya silaha vinahitaji wanawake, na ghafla fedha za chekechea zikapatikana. Zilifunguliwa zaidi ya 1,000 wakati wa vita. Vita vilipokwisha, serikali ikapunguza fedha, nyingi zikafungwa au zikabadilishwa. Mwaka 1951 daktari John Bowlby aliandika ripoti kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, akieleza madhara yanayompata mtoto mdogo anapotenganishwa na mama yake. Aliyoyaeleza zaidi ni ya watoto waliopoteza kabisa malezi, wale wa makao ya yatima na hospitali. Lakini wengi waliipokea ripoti ile kama amri kwa kila mama: baki nyumbani. Fikiria mama mmoja mwenye watoto wawili. Mwaka 1943 kumpeleka mtoto wa miaka 3 chekechea ilikuwa ni kulisaidia taifa. Mwaka 1953, mdogo wake akiwa na miaka 3, ikawa ni kumnyima mtoto mama yake. Mtoto wa miaka 3 alikuwa amebadilika nini katika miaka hiyo 10?

Mimi mtu wa redio sitaacha kutaja jambo moja. Januari 1950 BBC ilianzisha kipindi cha watoto ambao hawajafika umri wa shule, dakika 15, saa nane kasorobo mchana, hadithi na nyimbo, jina lake Listen with Mother. Kiliendelea hadi 1982. Watoto kwa maelfu walikaa sakafuni karibu na redio kila siku ya kazi, mama kando yao, hadithi ikaanza. Kwa wengi ndiyo ilikuwa chekechea pekee waliyoipata. Najivunia kazi hiyo ya wenzangu. Lakini angalia jina la kipindi: mama anatarajiwa awepo. Mama aliyekuwa kiwandani saa hizo, mwanawe alikuwa na nani?

Mwaka 1960 serikali ilitoa waraka wa kusimamisha upanuzi wa chekechea, kwa sababu walimu wote walihitajika kwa wale wa miaka 5 na kuendelea. Mama mmoja wa London, Belle Tutaev, mwaka 1961 akaandika barua kwenye gazeti la Guardian. Alikuwa ameanzisha na wenzake kikundi cha kuwachezesha watoto wao, akawaambia kina mama wengine wafanye hivyo hivyo. Barua moja ile ilijibiwa na wanawake kila upande wa nchi. Kumbi za makanisa zikajaa watoto, kina mama wakipokezana zamu. Nawavulia kofia kina mama wale. Hawakungoja.

Mwaka 1963 serikali iliunda kamati ya kuchunguza elimu ya msingi yote, ikiongozwa na Bi Bridget Plowden. Ripoti yao ilitoka 1967, na hapo kwa mara ya kwanza mambo haya tuliyozungumza leo yaliwekwa mezani kwa ukubwa wake. Walikubali kwamba umri wa miaka 5 ulichaguliwa kule 1870 bila kufikiriwa sana. Waliona dhuluma ya mihula. Walipendekeza watoto waingie mara moja tu kwa mwaka, Septemba, baada ya kutimiza miaka 5, na kabla ya hapo wote wanaotaka wapate chekechea ya nusu siku kuanzia miaka 3. Yaani mtoto aingie shule taratibu, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nyumbani. Susan na Peter wangeanza siku moja, wakiwa wameshazoea.

Pendekezo lile lilikuwa na nusu mbili, chekechea kwa wote na Septemba baada ya 5. Chekechea ilihitaji fedha, na fedha hazikutolewa kwa kiasi kile. Baadaye shule nyingi zilichukua ile Septemba moja, lakini zikaivuta mbele kwa mwaka mzima: Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Ndiyo hali iliyopo leo. Mtoto aliyezaliwa mwisho wa Agosti anaingia shule akiwa na miaka 4 na siku chache, amekaa na mwenzake anayekaribia 5. Mihula imelingana, hilo ni jema. Lakini mtoto wa kiangazi bado ndiye mdogo kuliko wote.

Nasema haya nikijua kwamba wako ndugu zetu wanaotusikiliza kutoka Leicester, London na Birmingham, wenye watoto wadogo kule. Kwenu nina neno la mwisho. Barua ya shule itakuja, na mtadhani ni amri kwamba mtoto wa miaka 4 aende. Sheria bado inasema umri wa lazima unaanza muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5. Mtoto aliyezaliwa kati ya tarehe 1 Aprili na 31 Agosti anaweza kungoja mpaka Septemba baada ya kutimiza miaka 5, na mzazi ana haki ya kuomba kwamba akiingia wakati huo aanzie lile darasa la mwanzo la wadogo, asirushwe kwenda darasa la kwanza. Wanaoamua ni mamlaka ya uandikishaji ya shule hiyo. Wanatakiwa kumtazama mtoto mmoja mmoja, wasikilize maoni ya mzazi na ya mwalimu mkuu. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa.

Maombi ya shule ya msingi kule hufungwa tarehe 15 Januari. Kwa hiyo ombi hilo liandikwe mapema, miezi ya vuli kabla ya Januari hiyo, mtoto akiwa bado na miaka 3. Elezeni anachoweza na anachokihangaikia: je, anajivisha koti mwenyewe, anasema anapobanwa na haja, anachoka saa ngapi mchana, alizaliwa kabla ya siku zake? Walimu wa chekechea wanaomjua nao waandike. Nendeni mkamwone mwalimu mkuu wa shule mnayoitaka, mkiwa na mtoto, amtazame. Na majibu yao myaombe kwa maandishi.